Jiwe Moja la Mto uMngeni: Kuvua Trauti Mwanzoni mwa Msimu

Mhadhara kwa wazungumzaji wa Kiswahili wakazi wa Durban, mwishoni mwa Agosti



Kiswahili hakikuingia Durban jana. Kuanzia 1873, Wamakua na wenzao waliookolewa katika majahazi ya watumwa waliletwa hapa kutoka Zanzibar. Walifanya maskani Kings Rest, upande wa Bluff, mpaka serikali ya ubaguzi wa rangi ilipowahamishia Chatsworth katika miaka ya 1960. Sisi tuliokuja baadaye kutoka Mombasa, Arusha, Bujumbura na Bukavu tumewakuta wametutangulia. Kwa hiyo mambo ya mji huu ni mambo yetu, na jambo la kwanza la mji wowote ni maji.

Tarehe 1 Septemba mito ya milimani ya KwaZulu-Natal itafunguliwa kwa wavuvi wa trauti, baada ya kufungwa miezi ya baridi ili samaki wazae kwa amani. Baadhi yenu mmeniambia mnataka kupanda huko kwa mara ya kwanza, na mmeniomba nieleze namna ya kuvua wakati huu ambao mto ni mwembamba, maji ni baridi na samaki ni mwoga. Nitaeleza. Lakini nina dai moja ninalotaka mlipime hadi mwisho wa mazungumzo haya: anayejifunza kuvua trauti sawasawa mwanzoni mwa msimu hujifunza papo hapo kuyalinda maji tunayokunywa Durban. Elimu ni ile ile, na huanza kwa kugeuza jiwe.

Samaki aliyevuka bahari

Trauti si wa asili ya Afrika kusini ya Sahara. Hapa Natal alifika mwaka 1890, pale John Clarke Parker alipototoa mayai ya trauti wa kahawia kutoka Scotland katika shamba la Boschfontein, karibu na Balgowan. Majaribio ya kabla yake yalishindwa, na sababu si ngumu kuiona: mayai hayo hutaka ubaridi usiokatika, nayo yalipaswa kuvuka ikweta ndani ya meli. Vifaranga wa Parker waliachiwa katika mito mitatu, Bushmans, Mooi na uMngeni. Mwaka 1897 akaingia nchini ndugu yake, trauti wa upinde, mwenye asili ya Amerika ya Kaskazini.

Kwetu Afrika Mashariki habari ni hiyo hiyo. Mwaka 1905 Ewart Grogan alipeleka trauti wa kahawia katika mto Gura, kwenye milima ya Aberdare. Trauti wa upinde alifika Kenya miaka michache baadaye, naye alitokea huku Afrika Kusini. Mwaka 1948 kikaanzishwa kituo cha kutotolea trauti Kiganjo, karibu na Nyeri, na kutoka hapo mito na maziwa ya Mlima Kenya yamekuwa yakipata vifaranga. Tanzania nayo ilimpokea katika mito ya baridi ya Kilimanjaro na ya nyanda za juu za Mbeya.

Tuseme wazi pia kwamba samaki huyu aliletwa kwa starehe ya walowezi. Mito ilipita katika ardhi waliyoichukua, na Mwafrika aliyeishi kando ya maji alikaribishwa kubeba mizigo ya mvuvi. Ndiyo maana wengi wetu tumekua tukiuona uvuvi huu kuwa jambo la watu wengine. Mimi naona sababu hiyo ni ya kutusogeza karibu na mto. Aliyezuiwa kuujua mto amezuiwa pia kusema lolote kuhusu hatima yake.

Digrii na pumzi

Mvuvi wa pwani huhesabu bamvua na maji mafu. Mvuvi wa mlimani huhesabu digrii. Nunua kipimajoto kidogo cha maji kabla hujanunua ufito wa bei kubwa, ukifunge kwa uzi kwenye koti lako.

Mwili wa trauti hufuata joto la maji. Maji yakishuka chini ya digrii 6 au 7, hutulia karibu na sakafu ya mto na hula kwa nadra, maana tumbo lake linasaga chakula polepole mno. Kati ya digrii 10 na 16 hula vizuri. Yakivuka 20 anaanza kuteseka, na yakikaribia 25 yuko katika hatari ya kufa. Joto lenyewe linamuumiza, na juu ya hapo linamnyima pumzi. Maji ya digrii 10, usawa wa bahari, yanaweza kubeba karibu miligramu 11 za oksijeni katika kila lita. Yakiwa na digrii 20 hubeba takriban 9 tu. Juu milimani hewa ni nyepesi, kwa hiyo kiasi hicho hupungua zaidi. Mto wa mlimani huishi kwa ubaridi wake na kwa misukosuko ya maji juu ya mawe, inayochanganya hewa na maji.

Sasa lipeleke jambo hili Septemba. Usiku umeanguka umande wa barafu bondeni Kamberg. Saa moja asubuhi maji yanaweza kuwa digrii 7, na mvuvi aliyeamka alfajiri kwa mazoea ya baharini atatupa mshipi hadi mkono umlegee. Jua likishachoma mawe, kufikia saa tano maji yamepanda hadi 10 au 11. Wadudu wanaanza kutembea, na samaki wanaanza kula. Kwa hiyo mwanzoni mwa msimu kunywa chai yako taratibu, anza saa nne, na usiondoke mtoni kabla ya saa tisa. Desemba utageuza ratiba hiyo: utaamka alfajiri, na mchana utamwacha samaki apumzike.

Angalia pia upepo. Agosti na Septemba huvuma upepo mkavu unaoshuka kutoka uwanda wa juu kuja pwani. Hewa inaposhuka hubanwa na kupata joto, takriban digrii moja kwa kila mita 100, na hapa Durban tunashangaa kuona jua la kiangazi katikati ya baridi. Mara nyingi upepo huo hutangulia hewa baridi kutoka kusini. Septemba 2024 theluji kubwa ilifunga barabara ya N3 kwenye kipito cha Van Reenen, na wasafiri wakalala ndani ya magari. Anayekwenda milima ya uKhahlamba mwezi huu abebe sweta nzito na koti la mvua hata kama ameondoka mjini kwa fulana.

Mtoni mwezi wa Septemba

Mvua za huku hunyesha majira ya joto. Mwisho wa Agosti mto umekonda, na maji yake ni maangavu kiasi kwamba unahesabu kokoto katika kina cha mita mbili. Unavyomwona samaki ndivyo anavyokuona, na yeye ana sababu kubwa zaidi ya kuwa macho.

Trauti hukaa ameelekeza kichwa upande maji yanakotoka, kwa sababu chakula huja na mkondo. Basi mwendee kwa nyuma. Panda ukielekea juu ya mto, ukianza chini ya kila kidimbwi. Vaa nguo za rangi ya majani makavu, inama, na kivuli chako kisitangulie. Usimtafute katikati ya maporomoko. Ametoka kuzaa, amekonda, na hana nguvu ya kupigana na mkondo mchana kutwa. Mtafute pale maji ya kasi yanapokutana na yaliyotulia, nyuma ya mwamba, au chini ya ukingo uliochimbwa na mafuriko ya mwaka jana. Hapo anapumzika hatua moja tu kutoka mkondo unaomletea chakula.

Uvuvi huu hautumii risasi wala chambo hai. Nzi wa bandia ni ndoana ndogo iliyofungwa manyoya na nyuzi. Hana uzito wa kurushwa. Kinachorushwa ni mshipi wenyewe, ambao ni mnene na umetengenezwa kwa uzito uliopimwa. Ufito huukunja mshipi nyuma, unasubiri unyooke hewani, kisha unaupeleka mbele. Wanaoanza hukosea kwenye kusubiri. Uzi wa mwisho uwe mwembamba, na kwa maji ya Septemba uwe mrefu kukupita kimo.

Ni nzi gani wa kufunga? Hapo ndipo jiwe linapoingia. Ingia pembeni mwa mto, inua jiwe la ukubwa wa sahani kutoka kwenye maji yanayokimbia, ligeuze polepole. Upande wa chini utaona viumbe. Wapo wembamba wenye mikia mitatu wanaokimbia jiwe zima kutafuta giza. Hao ni watoto wa wadudu ambao, wakishaota mabawa, huelea juu ya maji wakiwa wameyasimamisha kama tanga la ngalawa. Wapo wanaojijengea vibanda vya mchanga na vijiti na kujibandika humo. Wapo wenye mikia miwili na kucha imara, wanaong'ang'ania mwamba. Chini kabisa utamkuta kaa wa mtoni, ambaye trauti mkubwa wa kahawia humpenda kuliko vyote.

Mwanzoni mwa msimu wengi wa viumbe hawa bado wako chini ya maji, na ni weusi au wa hudhurungi. Kwa hiyo nzi wako awe mdogo, wa rangi hiyo, na azame. Wavuvi wa hapa wana nzi wao aitwaye Zak, aliyebuniwa na Tom Sutcliffe, daktari na mwandishi mashuhuri wa uvuvi wa nchi hii. Mchana ukishapata joto na ukaona midomo ikigusa uso wa maji, badili uweke anayeelea. Wa huku ni DDD, kazi ya Bill Duckworth wa bonde la Dargle, bonde la uMngeni wenyewe. Hufungwa kwa manyoya ya kulungu yaliyo matupu ndani. Ndiyo maana hazami hata katika maji yenye vurugu.

Kuna katazo moja ninaloliweka juu ya yote. Ukiona changarawe safi iliyoparuliwa, yenye rangi nyepesi kuliko sakafu ya jirani, usiikanyage. Jike wa trauti huifagia changarawe kwa mkia, hutaga humo, kisha hufukia. Mayai ya trauti wa kahawia yanahitaji jumla ya digrii 400 hivi ili kutotolewa, ukihesabu joto la kila siku: maji ya digrii 8 yatachukua takriban siku 50. Vifaranga wakitotolewa hubaki chini ya kokoto wiki kadhaa tena, wakila kiini walichozaliwa nacho. Piga hesabu kutoka Juni au Julai, ujue una nini chini ya buti lako siku ya kufunguliwa msimu. Wa upinde, ambao wengi huzaa kwa kuchelewa, huenda bado wanataga.

Kwenye maji yaliyosimama

Mabwawa ya mashambani ya Underberg, Himeville na Nottingham Road hayafungwi wakati wa baridi, na Septemba ni mwezi wake mzuri. Samaki wa upinde husogea ukingoni, hasa karibu na mdomo wa kijito kinachoingia, wakisukumwa na hamu ya kuzaa. Mwanafunzi hupenda kusimama upande uliokingwa na upepo kwa sababu ni rahisi kurusha. Avumilie asimame kwenye ukingo unaopigwa. Upepo husukuma huko maji ya juu yaliyopashwa na jua, pamoja na visubi na kila kilichoanguka, na samaki hufuata.

Chakula kikubwa humo ni watoto wa kereng'ende, wanaotambaa kwenye magugu ya chini. Lionel Walker alibuni nzi wa kuwaiga, mwenye manyoya ya ndege yaliyopangwa ubavuni, naye huitwa Walker's Killer hadi leo. Mzamishe, kisha mvute polepole sana, kidole kwa kidole. Wenzetu wanaovua ziwa Rutundu au Alice, juu ya Mlima Kenya, wanajua subira ya namna hiyo, maana maji ya huko ni ya baridi mwaka mzima.

Deni la mvuvi

Siwezi kumsifu samaki huyu bila kutaja alichogharimu. Katika mto Umkomazana, chini ya kipito cha Sani, aliishi kisamaki asiyezidi sana urefu wa kiganja, ambaye K. H. Barnard alimweleza kwa wanasayansi mwaka 1938. Jina lake la kisayansi, Pseudobarbus quathlambae, limebeba jina la milima ya uKhahlamba. Baada ya hapo hakuonekana tena mtoni humo, na kwa miaka mingi alidhaniwa ametoweka duniani, mpaka alipopatikana mwaka 1970 katika mto Tsoelikana, upande wa Lesotho. Miongoni mwa sababu za kutoweka kwake huku Natal anatajwa trauti, anayewala wadogo na kuwanyang'anya chakula wakubwa. Kule Lesotho alisalimika kwa sababu maporomoko yalimzuia trauti kupanda.

Tangu sheria ya bayoanuai ya 2004, serikali na wavuvi wamevutana, hadi mahakamani, juu ya kumweka trauti katika orodha ya viumbe vamizi. Rai yangu ni hii. Pale alipozoea kwa zaidi ya miaka 100 na watu wanaishi kwa kazi anazozileta, atunzwe kwa kipimo. Mto ambao hajafika asipelekwe, na mtu yeyote asimpandishe juu ya maporomoko, hata kwa ndoo moja. Mvuvi anayehamisha samaki kwa siri ili apate pa kuvua anaweza kufuta katika mchana mmoja uhai ulioishi hapo tangu zamani za kale.

Jiwe na bomba

Narudi kwenye dai langu. uMngeni huanzia katika kinamasi cha nyasi, uMngeni Vlei, ambacho tangu 2013 kimo katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu duniani. Ukitoka hapo unapita Dargle, unaingia bwawa la Midmar, unaporomoka Howick mita 95, unajaza Albert Falls, Nagle na Inanda, na unaishia baharini hapa Blue Lagoon. Safari yote haizidi sana kilomita 230. Hata mto Mooi umefungiwa bwawa la Spring Grove ili maji yake yavushwe na kuongezwa katika uMngeni. Bomba la jikoni kwako limeunganishwa na mito ile ile ambamo Parker alitia vifaranga wake.

Kuna kipimo cha afya ya mto kilichotengenezwa humu humu KwaZulu-Natal ili hata mwanafunzi wa shule aweze kukitumia. Kinaitwa miniSASS. Huhitaji maabara, unahitaji wavu, sinia jeupe na macho. Viumbe wa chini ya mawe wamegawanywa katika makundi 13, na kila kundi lina alama kwa kadiri linavyohitaji maji safi. Yule mwenye mikia miwili anayeng'ang'ania mwamba ana alama 17. Jamii nyingi za wale wenye mikia mitatu zina 11. Wenye vibanda wana 9, kaa ana 6, konokono 4, na minyoo, ruba na mabuu ya nzi wana 2 kila kundi. Unajumlisha alama za makundi uliyoyaona, kisha unagawa kwa idadi ya makundi. Ukikuta la mikia miwili, la mikia mitatu, la vibanda na kaa, jumla ni 43, wastani karibu 11: mto mzima kabisa. Ukikuta konokono, minyoo, ruba na mabuu ya nzi tu, jumla ni 10 na wastani 2.5. Hapo kuna kinyesi au sumu inayoingia, na usingoje samaki wafe ndipo uamini.

Tazameni basi: jiwe ambalo mvuvi amelinyanyua kuchagua nzi ndilo hilo hilo linalotoa hukumu juu ya maji. Kipimajoto kilichomwambia aanze saa nne kitamwambia pia kwamba miti ya kivuli imekatwa na kijito kimepata homa. Macho yanayotafuta changarawe safi yatauona udongo wa shamba lililolimwa hadi ukingoni ukiziba mianya ambamo mayai hupumua. Tena ataiona miwati, miti ile ile tunayoijua Njombe na Limuru, ikisonga kando ya vijito na kunywa maji kuliko nyasi za asili. Serikali ilianzisha mpango wa Working for Water mwaka 1995 kwa ajili ya miti ya namna hiyo, lakini miche huota upya kila mwaka, na mikono haijawahi kutosha.

Sisi wa bondeni tumeona mto ukiwa mgonjwa. Baada ya mafuriko ya Aprili 2022 yaliyoua mamia ya watu, mitambo ya majitaka iliharibika na fukwe za Durban zikafungwa kwa muda mrefu. Tulijifunza kuzungumza juu ya mto pale unapofika kwetu. Nawaomba tujifunze kuuzungumzia kuanzia unakotoka.

Mambo ninayowaomba ni machache. Kateni leseni ya Ezemvelo KZN Wildlife na ombeni ruhusa ya mwenye shamba. Bonyezeni kijino cha ndoana kwa koleo, na mshikeni samaki kwa mikono iliyolowa, ndani ya maji. Aliyekonda kwa kuzaa mwachieni. Kama mnataka kitoweo, chukueni bwawani, ambako samaki wamepandikizwa. Buti zenu zisafisheni na kuzikausha kabla ya kuhamia mto mwingine. Na kabla ya kurusha mshipi, kila mmoja ageuze mawe, ahesabu makundi, aandike alama, tarehe na mahali, kisha aiweke kwenye ramani ya miniSASS ambayo yeyote anaweza kuisoma.

Nendeni na watoto. Mtoto wa Phoenix au Umlazi akishamjua mdudu wa alama 17 kwa macho yake, atakuwa na hoja ya kupeleka kwenye kikao cha manispaa siku mdudu huyo atakapokosekana, na hoja hiyo itakuwa na namba. Tukianza Septemba hii, mwakani tutakuwa na kumbukumbu za msimu mzima za vijito vinavyotunywesha, zilizoandikwa na sisi wenyewe. Hiyo ndiyo kazi ninayotaka tuianze pamoja.